Mashindano ya Watengenezaji wa Simu za Mkononi

Ninyi wanafunzi wa madarasa ya watu wazima mliosikiliza somo hili kwa redio, sasa mnalo mbele yenu kwa maandishi, mpate kulisoma polepole, mstari kwa mstari, na kuulizana habari zake. Asiyejua neno amwulize mwenzake; na mwenzake asipojua, wote wawili wamwulize mwalimu. Namba zimeandikwa kwa tarakimu makusudi, maana katika somo lililopita tulijifunza kusoma miaka na bei.

Kabla hatujaanza, nawaomba kila mwenye simu aitoe mfukoni, au aifungue katika pindo la kanga, aiweke juu ya meza. Itazame. Pengine ina vitufe, pengine ni kioo kitupu. Je, umepata kujiuliza kwa nini kitu hiki ni kidogo hata chaingia kiganjani, na kwa nini bei yake imeshuka hata mwuza samaki aweza kukinunua? Wako wadhanio kwamba wataalamu walikaa barazani wakawahurumia watu, wakaamua kuwatengenezea kitu rahisi. Sivyo hata kidogo. Walikuwa watu wakigombea wateja, na katika kugombea huko wengine walitajirika na wengine walifunga duka. Habari hiyo ndiyo somo letu.

Kwanza yafaa tujue simu hii yafanyaje kazi. Wazee wetu waliuita mtambo wa kupelekea habari bila waya simu ya upepo, na kwa kweli simu ya mkononi ni simu ya upepo iliyopunguzwa. Taabu ya simu ya upepo ya zamani ilikuwa hii: mnara mmoja wenye nguvu ulitangaza mji mzima, na kwa kuwa njia za sauti hewani si nyingi, watu wachache tu waliweza kusema kwa wakati mmoja. Mwaka 1947 wataalamu wa maabara ya Bell huko Marekani walitoa shauri jipya: mji ugawanywe katika vipande vidogo vidogo, kila kipande kiwe na mnara wake wenye nguvu kidogo. Fikirini ngoma. Ngoma kubwa ikipigwa ikasikika wilaya nzima, hapana mwingine awezaye kupiga yake usiku huo, zitachanganyika. Lakini kila kijiji kikipiga kigoma chake kidogo, vijiji ishirini vyaweza kucheza usiku mmoja bila kuudhiana. Ndivyo ilivyo minara. Unaposafiri kwa basi huku unasema na simu, mnara mmoja wakukabidhi kwa mwingine, nawe hujui.

Shauri lilikuwa jema, walakini miaka mingi ilipita kabla ya kutendwa. Maabara ya Bell ilikuwa mali ya AT&T, kampuni kubwa iliyoshika karibu simu zote za Marekani, nayo mawazo yake yalikuwa juu ya simu za ndani ya motokaa. Sasa kulikuwa na kampuni nyingine, ndogo kuliko AT&T, iitwayo Motorola, ya upande wa Chicago, iliyozoea kutengeneza redio za motokaa na redio za polisi. Hao Motorola waliona hatari. Serikali ikiwapa AT&T njia zote za hewani peke yao, biashara ya Motorola ingekufa. Basi wakaazimu kuonyesha watu kwamba wao wana kitu bora: simu isiyofungwa katika motokaa wala ukutani, bali ya kushikwa mkononi na kutembea nayo.

Tarehe 3 Aprili 1973, mhandisi wa Motorola aitwaye Martin Cooper alisimama barabarani katika mji wa New York, ameshika dude la uzito wa kilo 1 na zaidi kidogo, akabonyeza namba. Alimpigia nani? Hakumpigia mkewe wala mkubwa wake wa kazi. Alimpigia Joel Engel, mkuu wa kazi hiyohiyo katika maabara ya Bell, akamwarifu kwamba anasema naye kwa simu ya mkononi hasa. Ninyi mliozoea taarabu mnajua mipasho. Mimi husema kwamba maongezi ya kwanza ya simu ya mkononi duniani yalikuwa mpasho.

Kupiga simu moja barabarani si sawa na kuuza. Miaka 10 zaidi ilipita, na yapata dola milioni 100 zikatumika, hata mwaka 1983 serikali ya Marekani ikatoa idhini. Mwaka uliofuata simu hiyo ikauzwa kwa jina la DynaTAC 8000X. Uzito wake ulikuwa gramu 790. Betri yake ilidumu nusu saa tu ya kuzungumza, kisha ilitaka saa 10 za kuchajiwa. Na bei? Dola 3,995. Hebu tufanye hesabu, mwalimu aiandike ubaoni. Mtu akiweka akiba dola 1 kila siku bila kukosa, atahitaji siku 3,995. Gawanya kwa 365. Ni karibu miaka 11! Hata hivyo matajiri wa Marekani waliipanga foleni, kwa kuwa mtu aliyeonekana nayo alionekana mkubwa.

Tuiache Marekani kidogo, twende kaskazini ya Ulaya, nchi za baridi na misitu, ambako nyumba ziko mbalimbali. Japani ilikuwa imekwisha kuanza simu za motokaa za namna hii mjini Tokyo mwaka 1979. Lakini nchi za kaskazini, yaani Sweden, Norway, Denmark na Finland, zilifanya jambo moja lenye busara. Walikubaliana kuwa na mtindo mmoja wa simu kwa nchi zote nne, nao ukaanza kazi mwaka 1981 na 1982. Mtu aliweza kuvuka mpaka na simu yake ikaendelea kuita.

Mtaniuliza, jambo hilo lina maana gani kwa mashindano? Lina maana kubwa sana, wala msilipite haraka. Fikirini soko ambalo kila mwuza mchele ana kibaba chake mwenyewe, huyu kikubwa, yule kidogo. Mnunuzi hawezi kulinganisha bei, naye hubaki kwa mwuzaji aliyemzoea hata kama anapunjwa. Siku kipimo kikiwa kimoja, wauzaji wote hujikuta uwanja mmoja, na hapo ndipo mnunuzi anapopata nguvu. Mtindo wa simu ulipokuwa mmoja, na kanuni zake zikawekwa wazi kwa kila mtengenezaji, hapana aliyeweza kujificha. Ericsson ya Sweden, kampuni ya tangu mwaka 1876, iliingia uwanjani. Ikaingia na kampuni ya Finland ambayo wakati huo watu wengi nje ya kwao hawakuijua: Nokia.

Nokia ni jina la mji ulio kando ya mto. Kampuni yenyewe ilianza mwaka 1865, nayo haikuanza na simu, ilianza na kinu cha kusaga miti kwa ajili ya karatasi. Baadaye, mwaka 1967, iliunganishwa na kiwanda cha mpira na kiwanda cha nyaya. Basi jina la Nokia lilikuwa juu ya karatasi za msalani, juu ya viatu vya mvua na juu ya magurudumu ya baiskeli. Mwaka 1982 kampuni yake ya Mobira ilitoa simu ya motokaa iitwayo Senator, uzito wake karibu kilo 10. Huo ni nusu ya ndoo ya maji! Kufika mwaka 1987 walitoa simu ya mkononi iitwayo Cityman, ya gramu zisizozidi 800. Tazameni: kilo 10 hadi chini ya kilo 1 katika miaka 5. Mtu hakimbii hivyo asipokuwa na mwingine nyuma yake.

Kisha ikaja dhiki. Mwaka 1991 dola ya Kisovieti, jirani na mteja mkubwa wa Finland, ilivunjika. Biashara ya Finland ikaanguka, watu wengi wakakosa kazi, na Nokia yenyewe ikapata hasara. Mwaka 1992 akawekwa mkurugenzi mpya, Jorma Ollila. Yeye na wenzake waliamua kuuza kazi nyingine zote, mpira, nyaya, televisheni, wakabaki na simu tu. Mimi naona huo ulikuwa uamuzi wa kutisha. Mkulima mwenye shamba la mahindi, mihogo na kunde akiamua kung'oa vyote apande zao moja, majirani watamwambia ana wazimu. Na mvua isingenyesha, majirani wangekuwa na haki.

Mvua ilinyesha. Wakati huohuo Ulaya ilikuwa imekubaliana juu ya mtindo mpya wa simu uitwao GSM, ambao sauti husafirishwa kwa namba badala ya mawimbi ya namna ya zamani. Tarehe 1 Julai 1991, Harri Holkeri, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Finland kabla ya hapo, alipiga simu ya kwanza ya GSM kutoka Helsinki kwenda Tampere, kwa mitambo ya Nokia. Mwaka 1992 Nokia ikaanza kuuza simu yake ya GSM, namba 1011. Na katika GSM kulikuwa na kitu kidogo ambacho kila mmoja wenu anacho sasa hivi mbele yake: laini, ile kadi ndogo ya kuingizwa ndani.

Kadi hiyo ilibadili biashara yote. Zamani namba yako na simu yako vilikuwa kitu kimoja. Ukitaka simu nyingine wapaswa kwenda kwa kampuni ya simu ikusaidie. Kwa kadi, unaichomoa hapa unaichomeka pale, na namba yako inakufuata. Maana yake ni kwamba mtengenezaji akikuuzia simu mbaya leo, kesho waweza kumhama. Mtengenezaji anayejua kwamba mteja aweza kumhama hulala jicho moja wazi.

Motorola nao hawakulala kabisa. Walitengeneza simu za GSM pia, na mwaka 1996 walitoa StarTAC, simu ya kukunjwa ya gramu 88. Chukueni hesabu nyingine: simu 9 za namna hiyo ndizo zingelingana kwa uzito na DynaTAC moja. Bei yake ilikuwa kama dola 1,000, na mamilioni ya watu waliinunua. Lakini kwao Marekani simu za mtindo wa zamani zilikuwa bado zinauzwa vizuri, na Motorola walikuwa wafalme wa mtindo huo. Mtu mwenye mashua nzuri hachangamkii kununua lori. Makampuni ya simu ya Marekani yalipoanza kutaka simu za mtindo mpya, Motorola walichelewa, na wengine wakaingia mlangoni.

Tena Nokia walijifunza jambo ambalo wahandisi wengi hawakulijali, nalo ni kwamba mnunuzi si mhandisi. Simu yao 2110 ya mwaka 1994 ilikuwa na kioo kipana na maneno yaliyopangwa kwa utaratibu, hata mtu asiyesoma kitabu cha maelezo aliweza kuijua. Walitumaini kuuza 400,000. Wakauza yapata milioni 20. Mwaka 1997 waliweka ndani ya simu yao 6110 mchezo wa nyoka, kazi ya mtaalamu wao Taneli Armanto, nanyi mnajua watoto wenu walimaliza betri ngapi kwa nyoka huyo. Mwaka 1998 Nokia ikaipita Motorola kwa wingi wa simu zilizouzwa duniani. Mwaka 1999 ikatoa 3210, isiyo na ule mkia wa eriali unaochoma mfuko.

Sasa nataka niwasimulie habari ya moto, na hapa nitakaa kidogo, maana kila mwenye biashara, hata awe anauza maandazi, itamfaa.

Usiku wa tarehe 17 Machi 2000, radi ilipiga njia ya umeme katika jimbo la New Mexico, Marekani. Katika mji wa Albuquerque palikuwa na kiwanda cha kampuni ya Philips, kikitengeneza vipande vidogo sana vya ndani ya simu, ambavyo bila hivyo simu ni sanduku tupu. Umeme ukayumba, moto mdogo ukawaka. Ulizimwa kwa dakika 10 tu. Hakuna aliyeumia, na kwa macho ya kawaida hasara ilikuwa ndogo. Lakini vipande hivyo hutengenezwa katika vyumba visafi kupita hospitali. Chembe moja ya vumbi yatosha kukiharibu kipande. Moshi na maji vikaingia mle, na malighafi ya simu mamilioni yakaharibika.

Wateja wawili wakubwa wa kiwanda hicho walikuwa Nokia na Ericsson. Philips waliwaarifu wote wawili kwamba kazi itachelewa kama juma moja. Habari ni ileile, siku ni zilezile. Tazameni walivyoipokea.

Nokia waliitilia shaka. Wakaanza kuuliza kila siku, wakapeleka watu wao, na walipojua kwamba si juma moja bali ni miezi, wakakimbia huku na huku. Vipande vingine wakavitafuta kwa wauzaji wengine, vingine wakabadili namna yake ili viweze kutengenezwa mahali pengi, na Philips wenyewe wakabanwa wawape nafasi katika viwanda vyao vya nchi nyingine. Ericsson waliipokea habari kama ilivyosemwa. Kwao habari ilichukua muda kuwafikia wakubwa, na ilipowafikia, mlango ulikuwa umefungwa, kwa kuwa baadhi ya vipande walivitegemea kwa kiwanda kile kimoja tu. Walikuwa wamepunguza wauzaji wao ili kuokoa fedha. Ericsson walikosa mauzo ya yapata dola milioni 400. Moto huo haukuwa taabu yao pekee, walikuwa na simu zisizopendwa vya kutosha na gharama kubwa, lakini uliwakuta wakiwa wamechoka. Mwaka 2001 waliacha kutengeneza simu za mkononi peke yao, wakaungana na Sony ya Japani.

Mama ntilie anayenunua unga kwa duka moja kwa sababu humpunguzia shilingi kidogo, na ajiulize siku duka lile likifungwa atapika nini. Wala simlaumu; bei nafuu ni bei nafuu. Nasema ajiulize tu.

Je, kwetu Afrika? Mwanzoni watengenezaji hao hawakututazama. Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Kinshasa, katika nchi iliyoitwa wakati huo Zaire, kampuni ya Telecel ya Mnyarwanda Miko Rwayitare ilianza kuwauzia wakubwa na matajiri simu za mkononi, kwa maelfu ya dola. Tanzania ilipata mtandao wake wa kwanza, Mobitel, mwaka 1994. Katika miaka hiyo mwenye simu alijulikana mtaa mzima. Kenya nayo ilipata mashindano ya kweli mwaka 2000, Safaricom na KenCell walipokabiliana. Zikaja kadi za kukwangua za bei ndogo, na kubipu kukawa lugha. Lakini simu zenyewe zilikuwa zilezile zilizobuniwa kwa mtu wa Helsinki au Chicago, mtu mwenye umeme usiku na mchana na asiyetembea juani.

Kisha Ulaya ikajaa. Ilipofika miaka ya 2000, karibu kila mtu kule alikuwa amekwisha kununua. Mwuzaji asiye na wateja wapya hugeuza shingo, nao wakazigeuza kuelekea India, Uchina na Afrika. Mwaka 2003 Nokia ilitoa simu 1100. Mnamjua mgeni huyu, ndiye kitochi. Vitufe vyake vilifunikwa kwa mpira mmoja usiopitisha vumbi. Ubavu wake haukuteleza katika mkono wenye jasho. Na juu yake palikuwa na taa, maana wabunifu waligundua jambo ambalo bibi yangu angewaambia bure, kwamba mahali pasipo na umeme usiku ni giza. Simu hiyo iliuzwa zaidi ya milioni 250.

Motorola wakajibu. Mwaka 2005 umoja wa makampuni ya mitandao ya GSM ulitangaza zabuni ya simu ya bei ya chini kwa nchi maskini, na Motorola wakaishinda kwa simu ya chini ya dola 40. Baadaye mwaka huohuo wakashinda tena kwa simu ya chini ya dola 30. Linganisheni na zile dola 3,995. Hapo sasa walikuwa wakigombea mtu kama wewe, na swali waliloulizana mezani lilikuwa hili: mtu huyu anajua kusoma, au hajui?

Naomba mlisome tena swali hilo. Ninyi mliokuja darasani jioni baada ya kazi za shamba na soko, ni ninyi mliokuwa mkijadiliwa.

Motorola walijibu kwa simu iitwayo Motofone F3, iliyotoka mwaka 2006. Ilikuwa nyembamba, betri yake ilidumu, kioo chake kilisomeka hata juani. Tena ilisema kwa sauti, ikimwongoza mtu abonyeze nini. Kwa asiyejua kusoma ni msaada mkubwa, wala sitaki kuwanyima sifa zao. Lakini kioo hicho kilikuwa na mistari 2 tu, na kila mstari herufi 6. Neno «Karibuni» halikuenea katika mstari mmoja! Kusoma barua fupi katika simu hiyo kulikuwa kama kuchungulia harusi kwenye upenyo wa makuti: unaona mkono, unaona kilemba, humwoni bibi harusi.

Nokia walikwenda njia nyingine. Hawakuwasahau wasiosoma, simu yao 1600 ya mwaka 2005 iliweza kutamka saa. Simu 1200 ya mwaka 2007 iliweza kutunza madaftari kadhaa ya majina, ili watu wa nyumba moja watumie simu moja na kila mtu awe na ukurasa wake. Lakini kioo walikiacha kiwe cha kusomea.

Mwezi wa Machi mwaka huohuo wa 2007, Safaricom ya Kenya ikaanzisha M-Pesa, na mwaka 2008 huduma hiyo ikafika Tanzania. Hapo maandishi yakawa fedha. Ujumbe unaingia: umepokea kiasi fulani, kutoka kwa fulani, salio lako ni kadha wa kadha. Asiyesoma humpa simu mtoto wa jirani amsomee, na mtoto wa jirani sasa anajua salio la nyumba ile kuliko mwenye nyumba. Ukimpa na namba yako ya siri akubonyezee, umempa ufunguo wa sanduku. Twawajua wanawake wengi waliojiandikisha katika madarasa haya kwa sababu hiyo moja, nao hawakuhitaji kushawishiwa na afisa elimu. Motofone F3 haikudumu sokoni.

Mashindano yana upande wake mwingine nao ni huu. Jina likipendwa, huigwa. Simu za bandia zilijaa masokoni mwetu, na waliozitengeneza walijua kwamba wanunuzi wengi huitambua chapa kwa sura yake kama tunavyoitambua khanga, hawaisomi. Basi wakaandika Nokla. Haya, mwanafunzi mmoja asimame ayasome maneno haya mawili kwa sauti: Nokia. Nokla. Tofauti ni herufi moja, i na l, nayo imewagharimu watu akiba ya mwezi mzima. Kenya ilizima simu bandia mitandaoni mwishoni mwa mwezi wa Septemba 2012, na Tanzania ilifanya hivyo mwezi wa Juni 2016. Siku hizo wako watu waliobaki na kitu cha kupigilia misumari.

Ama wale wakubwa wa zamani, habari yao ni fupi. Mwaka 2007 kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa simu ya kioo kitupu, na wafalme wa vitufe wakachelewa kama Motorola walivyochelewa mbele ya GSM. Biashara ya simu za Motorola ilinunuliwa na Google mwaka 2012, kisha na Lenovo ya Uchina mwaka 2014. Mwaka huohuo wa 2014 Nokia nao waliuza yao kwa Microsoft. Mto Nokia bado unapita mahali pake.

Sasa rudini kwenye simu mlizoziweka mezani. Kila mtu abonyeze alama hizi kwa taratibu, kama zilivyoandikwa: *#06#. Katika kioo patatokea namba ndefu. Simu ya laini mbili itatoa namba mbili. Hesabu tarakimu zake kwa kidole, lazima ziwe 15. Iandike katika daftari lako, tarakimu moja moja, bila kumpa mwenzako akuandikie. Ukifika nyumbani, kama ulitunza boksi la simu yako, tafuta namba iliyoandikwa ubavuni mwake, uilinganishe na hiyo ya daftarini. Walio na boksi na waliokuta namba hazifanani, wamwambie mwalimu Jumatano.